Mnyama hatari kuliko wote ziwani, na si mamba

Utaratibu wetu ni ule ule: mkimaliza kula, kusanya watoto, uliza swali, waache wabishane, kisha ndipo usome jibu. Usiwahi kuwapa jibu kabla hawajabishana. Mtoto aliyebisha akashindwa huwa hasahau.

Wiki hii maswali yote yanatoka ziwani. Niliyajaribu nyumbani kwangu Jumapili iliyopita, na swali la mwisho lilimshinda kila mtu isipokuwa mmoja. Lilimshinda hata bibi yao, ambaye amezaliwa Ukerewe na ameona mambo mengi ya maji kuliko sisi sote. Nitalifikia. Tuanze na mepesi.

Swali la kwanza: kati ya Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika, lipi lina kina kirefu zaidi?

Watoto wa Mwanza watakujibu Victoria, kwa sababu ndilo wanaloliona na kwa sababu ni kubwa. Na kweli ni kubwa. Lina eneo la karibu kilomita za mraba 68,800, hakuna ziwa la Afrika linalolifikia, na kwa maziwa ya maji baridi duniani linazidiwa eneo na moja tu, Superior, lililo kati ya Marekani na Kanada. Lakini kwa kina, ziwa letu ni sahani. Pale penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80, na wastani ni mita 40. Tanganyika linashuka hadi mita 1,470.

Waoneshe hivi. Chukua sinia la pilau lenye upana wa sentimita 60. Tuseme hilo ndilo Ziwa Victoria, Mwanza upande huu, Entebbe upande ule. Ukitaka kumwaga humo maji yanayolingana na kina cha ziwa lenyewe, wastani wake hautazidi unene wa karatasi moja ya daftari. Mimi mwenyewe nilirudia hesabu mara mbili kwa sababu sikuamini.

Sababu yake ni kwamba Tanganyika limekaa ndani ya ufa, yaani Bonde la Ufa lenyewe, ardhi ilipopasuka na kuzama kwa mamilioni ya miaka. Victoria halimo ndani ya ufa. Liko katikati ya mikono miwili ya bonde hilo, kwenye ardhi tambarare. Zamani mito ya huku ilikuwa ikielekea magharibi. Ardhi ya upande huo ikainuka polepole, mito ikakosa njia, maji yakarudi nyuma na kusambaa. Ni kama mtu amwage maji kwenye mkeka wa plastiki kisha ainue ukingo mmoja.

Na kwa kuwa ni la kina kifupi, liliwahi kukauka. Wanasayansi waliotoboa tope la chini ya ziwa walikuta tabaka la udongo wa nchi kavu lenye mabaki ya mizizi ya majani. Hiyo ni takriban miaka 15,000 iliyopita. Yaani pale inapopita meli ya kwenda Bukoba leo, paliwahi kuwa na nyasi. Mwanangu mdogo aliuliza kama samaki walikwenda wapi wakati huo. Swali zuri kuliko langu, na tutalirudia.

Swali la pili: ni samaki gani wa ziwa letu anayeweza kufa maji?

Hapa watacheka kwanza. Samaki afe maji? Jibu ni kamongo. Ana matamvua, lakini hayamtoshi, na akiwa mkubwa hutegemea zaidi mapafu yake. Ndiyo, ana mapafu, kama wewe. Lazima apande juu kila baada ya muda kuvuta hewa. Akinaswa kwenye wavu chini ya maji asiweze kupanda, anakufa kwa kukosa pumzi. Bwawa au kinamasi kikikauka, anaweza kujifukia kwenye tope na kusubiri mvua. Wavuvi wanalijua hili siku nyingi, ndiyo maana kamongo hukaa hai sokoni saa nyingi baada ya kuvuliwa, na ukipita Mwaloni asubuhi usishangae akikukodolea macho.

Swali la tatu ni la akina mama: ni samaki gani anayebeba watoto wake mdomoni?

Ni sato jike. Akishataga, hukusanya mayai mdomoni, huyatunza humo mpaka yaanguliwe, na hata vifaranga vikishaanza kuogelea, hatari ikija hurudi mbio ndani ya mdomo wa mama. Siku zote hizo mama hali, au anakula kidogo sana. Mke wangu aliposikia hivyo alinitazama kwa namna fulani, nami nikahamia swali linalofuata.

Kabla sijahama, jambo moja dogo. Sato tunayemwita wa kwetu ni mgeni hapa, sawa na sangara. Wote wawili waliletwa ziwani katikati ya karne iliyopita. Mwenyeji halisi wa jamii hiyo ni ngege, ambaye siku hizi kumpata ni bahati.

Swali la nne: ni samaki gani mwenye aina nyingi kuliko wote ziwani?

Ni furu. Wale wadogo wadogo wenye miiba mgongoni, ambao watoto huwavua kwa ndoano kwenye mawe. Tunawaita wote kwa jina moja, lakini wataalamu wanakadiria kwamba ziwa hili lilikuwa na aina zipatazo 500 za furu, na karibu zote hazipo mahali pengine popote duniani. Sasa kumbuka lile ziwa lililokauka. Kama lilikuwa nyasi miaka 15,000 iliyopita, basi aina hizo zote zimechipuka baada ya maji kurudi, kutokana na samaki wachache waliokuwa wamebaki kwenye mito na maji ya jirani. Kwa hesabu za viumbe, huo ni muda wa kufumba na kufumbua. Ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, walikuja kupiga kambi hapa Mwanza, wakawa wanahesabu furu wa ghuba yetu.

Waligundua kwamba kila furu ana kazi yake. Yupo anayekwangua majani ya kijani kwenye mawe. Yupo anayekula wadudu wa tope. Wapo wala samaki wenzao. Na wapo, hili liweke akilini, wenye mataya mazito kooni kama mawe ya kusagia, ambao kazi yao ilikuwa kupasua konokono. Furu mmoja wa namna hiyo akifugwa kwa chakula laini tangu udogoni, mataya yake hukua membamba, asiweze tena kazi ya ukoo wake. Mwili unajenga kile unachotumia.

Katika miaka ya 1980 sangara alienea kwenye ghuba ya Mwanza na furu wakapungua vibaya. Wako waliorudi baadaye, na wako ambao hawajaonekana tena. Sangara alileta viwanda, ajira na fedha za kigeni, sitamtukana, wengi wetu tumesomeshwa na yeye. Ila kitu kimoja hakifanyi vizuri: hasagi konokono kama walivyokuwa wakisaga wale furu.

Hapo ndipo tunafika kwenye swali la mwisho.

Swali la tano: ni mnyama gani hatari kuliko wote ziwani?

Nyumbani kwangu mkubwa alijibu haraka, mamba. Si jibu la kipuuzi, mamba wameua watu Sengerema na Buchosa, na waliofiwa wanajua. Bibi yao akasema kiboko, maana kiboko haonekani na jahazi haliwezi kumkimbia. Mdogo akasema sangara, kwa sababu amemwona mmoja mkubwa kuliko yeye. Mama yao akasema mbu. Nikampa nusu alama, kwa dunia nzima yuko sahihi, lakini mimi niliuliza ziwani.

Mwanangu wa kati alikuwa kimya. Kisha akasema, “Konokono.”

“Konokono ni mnyama?” mkubwa akapinga. Ni mnyama, ingawa hana mifupa wala miguu, na huyu ninayemzungumzia anaweza kuwa mdogo kama kifungo cha shati. Wengine wamejikunja bapa kama sarafu, wengine wamechongoka. Wanakaa pwani, kwenye majani ya maji, kwenye mawe, pale pale mtoto anaposimama kuoga na mama anaposuuza vyombo. Hawaumi. Hawana sumu. Wanabeba kichocho.

Mwanangu alijua jibu kwa sababu kichocho kilimpata. Niliambie kama lilivyokuwa, ingawa halinipi sifa. Alikuwa darasa la nne. Alilalamika tumbo kwa miezi, leo linauma, kesho limeacha. Nilimnunulia dawa ya minyoo. Likarudi, nikanunua tena. Alikuwa anachoka, anasinzia mchana, alama zikashuka, na mimi nikasema anakwepa shule. Siku moja mama yake akaona damu kwenye haja kubwa yake, akampeleka kupima. Wakati mimi nampa dawa za minyoo, mwanangu kila Jumamosi akitoka tuisheni alikuwa akipitia ziwani na wenzake kuogelea. Alijua kina cha ziwa kwa mita. Alijua kamongo ana mapafu. Hayo nilimfundisha mimi. Hili hakulijua, kwa kuwa sikuwahi kumuuliza.

Basi nawe uliza. Na hapa nitakwenda polepole, kwa sababu kila hatua ina kitu ambacho wazazi wengi tunakikosea.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba konokono ndiye chanzo. Konokono hazaliwi na kichocho, sisi ndio tunaomwambukiza. Mtu mwenye kichocho akijisaidia ziwani au kando yake, mvua ikasomba, mayai ya minyoo huingia kwenye maji. Humo huanguliwa, na kila kimelea kinachotoka kina muda mfupi, kama siku moja, kumpata konokono wa aina inayokifaa. Asipopatikana, kinakufa. Akipatikana, kinaingia na kuanza kuzaana ndani yake. Baada ya wiki chache, kutoka kwenye kimelea kimoja, vinatoka maelfu. Ukijiuliza kwa nini kichocho hakiishi, jibu limo kwenye hesabu hiyo.

Vile vinavyotoka kwenye konokono vina mkia wenye pacha na havionekani kwa urahisi kwa macho. Vinaogelea vikitafuta ngozi ya mtu. Vikiipata, vinapenya kwa dakika chache tu. Hapahitajiki jeraha wala kumeza maji. Hili ndilo kosa la pili: watu wengi huamini kichocho kinatokana na kunywa maji machafu. Njia yake kuu ni ngozi. Ukichemsha maji ya kunywa umefanya vizuri kwa ajili ya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini mtoto aliyesimama ziwani maji yamemfika magotini hujamsaidia.

Kosa la tatu: maji yakiwa meupe hayana shida. Yanaweza kuwa meupe unaona vidole vyako vya miguu na bado yawe nayo.

Kosa la nne linahusu muda, na hili nililipenda kama swali la chemsha bongo. Konokono hutoa vimelea hivyo hasa wakati wa mwanga na joto la mchana, kuanzia asubuhi jua likishapanda, na zaidi kuelekea saa sita na saa saba. Sasa fikiria watoto wetu wanaogelea saa ngapi. Anayechota maji alfajiri ana hatari ndogo zaidi, ingawa si kwamba hana kabisa.

Vikishaingia mwilini husafiri na damu, hukua kwa wiki kadhaa na kuwa minyoo dume na jike. Dume ana mfereji mwilini na jike hukaa humo, wakaishi hivyo kwa miaka, kwa kawaida kati ya 3 na 10. Ndoa ya namna hiyo watu wangeisifia, lakini kazi yake ni kutaga mayai kila siku ndani ya mwanao. Na minyoo wenyewe si tatizo kubwa kama mayai. Nusu yake hutoka na haja, mengine hukwama kwenye ini, utumbo au kibofu, na mwili hujenga makovu kuyazunguka.

Huku mwambao wa ziwa tatizo kubwa ni kichocho cha tumbo. Dalili zake ni tumbo kuuma, kuharisha, wakati mwingine damu kwenye haja kubwa, uchovu, upungufu wa damu. Mtoto anaweza asilalamike lolote, ila hakui vizuri na hashiki masomo. Miaka ikipita bila tiba, ini na wengu huvimba, na baadhi ya watu wazima hufika hospitali, Bugando ikiwemo, wakitapika damu kwa ugonjwa walioupata utotoni. Ukienda ndani kidogo, kwenye malambo na majaruba ya mpunga ya Misungwi, Kwimba na hadi Shinyanga, unakutana na kile kingine, kichocho cha mkojo, kinacholeta damu kwenye haja ndogo. Sehemu nyingi za Afrika damu hiyo ilihesabiwa kuwa ishara ya mvulana kukua. Si ishara ya kukua. Ni mayai yanayochana kibofu, na kikikaa miaka mingi kinaweza kuleta saratani. Kwa wasichana na akina mama mayai hayo hayo huumiza viungo vya uzazi, dalili zake hufanana na magonjwa ya zinaa, na wengine wametukanwa na waume zao bure.

Ugonjwa huu si wa jana. Mayai yake yamekutwa ndani ya maiti zilizokaushwa za Misri zenye zaidi ya miaka 3,000. Daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, ndiye aliyewaona minyoo wenyewe kwa mara ya kwanza, mjini Cairo mwaka 1851. Wengi bado wanauita ugonjwa huu kwa jina lake, bilhazia. Lakini ilichukua zaidi ya miaka 60 tangu hapo kuthibitisha kwamba konokono ndiye mchukuzi wa ule wa Misri. Watu wazima wenye shahada walihangaika miongo sita na swali ambalo mwanangu alilijibu akiwa na ugali mkononi.

Na Misri hiyo inakunywa maji yanayotoka kwetu, maana Mto Nile unatoka ziwani hapo Jinja. Mkubwa wangu aliuliza kama konokono wetu walikwenda Misri kwa mto. Hapana, mwanangu. Kule wana wao.

Sasa habari njema, na zipo.

Dawa ya kichocho ipo, inaitwa prazikwanteli. Kwa kawaida hutolewa kwa siku moja, idadi ya vidonge ikipimwa kwa uzito au urefu wa mtoto. Ndiyo maana shuleni wanawasimamisha kwenye fimbo yenye alama kabla ya kuwapa. Ni vidonge vikubwa na vichungu. Mtoto akila kwanza, kichefuchefu na maumivu ya tumbo baada ya dawa hupungua. Najua wako wazazi wanaowaficha watoto siku ya dawa kwa sababu mwaka fulani walirudi nyumbani wakitapika. Kutapika huko hupita. Ini lililojaa makovu halirudi.

Zile dawa za minyoo za kawaida, za kutafuna, ambazo mimi nilikuwa nanunua dukani, haziui minyoo ya kichocho. Ni dawa nzuri kwa minyoo mingine. Kwa hii hazifanyi kitu. Laiti ningelijua hili tu, mwanangu angepona mwaka mmoja mapema.

Prazikwanteli nayo ina mipaka yake. Inaua minyoo iliyokwisha kukomaa, lakini michanga hupona, ndiyo maana daktari anaweza kukuambia urudie baada ya wiki kadhaa. Na si kinga. Mtoto akinywa leo na kesho akarudi majini, kesho hiyo hiyo anaweza kupata upya. Usikate tamaa kwa hilo, kwa sababu kila anapotibiwa mayai hupungua mwilini mwake na pia kwenye ziwa.

Kuna kundi ambalo mara nyingi husahaulika, nalo ni wadogo ambao hawajaanza shule. Dawa hutolewa shuleni, lakini yule wa miaka mitatu aliyekaa kwenye beseni la maji ya ziwa huku mama akifua, yeye hayumo kwenye orodha ya mwalimu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza watoto watibiwe kuanzia umri wa miaka 2, na tangu hapo imetengenezwa dawa ya watoto wadogo inayoyeyuka kwenye maji. Ukiwa unaishi Igombe, Kayenze, Luchelele au visiwani, na una mtoto mdogo anayeguswa na maji ya ziwa kila siku, muulize mhudumu wa zahanati kuhusu kichocho kwa jina. Usiseme tu “tumbo linamsumbua”. Sema “naomba apimwe kichocho”. Watapima haja kubwa, au mkojo, na wakikuambia urudishe sampuli siku ya pili usikasirike: mayai hayatoki kwa kiasi kile kile kila siku.

Je, tuwakataze watoto ziwa? Bibi yao alicheka niliposema hivyo. “Umkataze mtoto wa Ukerewe maji?” Ana haki ya kucheka. Samaki wako majini, maji ya kufulia yako majini, na bomba halijafika kila mahali. Nitasema kile kinachowezekana. Maji ya ziwa yakichotwa na kuwekwa kwenye pipa lenye mfuniko kwa siku 2, vimelea vya kichocho hufa vyenyewe kwa kukosa mtu wa kumwingia, na maji hayo yanafaa kuogea. Ya kunywa bado chemsha, kwa sababu vijidudu vingine havifi kwa kusubiri. Mwenye mapipa mawili akipokezana, leo hili kesho kutwa lile, amepata bafu salama bila kulipa kitu. Kuosha vyombo na kufua, sogeza juu, mbali na majani, kwa maji yaliyokaa. Kujifuta haraka na taulo ukitoka majini kunaweza kusaidia kidogo, lakini usikitegemee.

Na choo. Hapa sitazunguka. Konokono wa mwalo wetu amepata kichocho kutoka kwa mtu wa mwalo wetu. Wavuvi wanaokaa majini usiku kucha, watoto wanaojificha nyuma ya mawe, kambi zisizo na choo, wote wanamlisha konokono yule yule. Tanzania hutajwa kuwa ya pili Afrika, baada ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa wa kichocho, na kanda yetu ina sehemu kubwa ya mzigo huo. Unguja na Pemba walikuwa na kichocho cha mkojo kila kona. Wakatoa dawa mara kwa mara, wakaua konokono kwenye mabwawa, wakafundisha watoto, na leo kimepungua sana. Wao wana mabwawa na vijito, sisi tuna ziwa la kilomita za mraba 68,800, kwa hiyo kuua konokono wote hapa ni ndoto. Kujenga choo mwaloni si ndoto.

Kuhusu wale furu wapasuaji, kuna jambo limetokea kwa jirani. Kwenye Ziwa Nyasa, watafiti wamehusisha kuvuliwa kupita kiasi kwa samaki wala konokono wa pwani na kuongezeka kwa kichocho kwenye vijiji vya kando. Kwa hiyo ukimwona mtu anavuta kokoro kwenye maji mafupi, akizoa hadi vifaranga, unaweza kumweleza mwanao kwamba kwenye ule wavu huenda kuna askari wa konokono. Nyumbani kwangu mdogo aliuliza kama tunaweza kufuga furu kwenye pipa la maji. Nikamwambia tukimpa ugali mataya yatakuwa laini. Akasema basi tumpe konokono. Mazungumzo hayo bado yanaendelea.

Mwanangu wa kati yuko darasa la sita sasa. Anakula vizuri na alama zimepanda, ingawa hesabu bado ni kilio cha nyumba nzima. Bado anapenda maji. Siku hizi akitaka kuogelea ananiambia, na nikipata nafasi tunakwenda kwenye bwawa la kulipia mjini. Nisipopata, ananuna. Kwa mwaka tunampima, pamoja na ndugu zake wawili, maana waliokuwa wakioga mahali pamoja huugua pamoja.

Swali la wiki ijayo, anzeni kulijadili mapema: zile nguzo za moshi mweusi unaoziona zikiinuka juu ya ziwa kwa mbali, hasa siku za mwezi mwandamo, wakati hakuna meli wala moto, ni moshi wa nini? Nadokeza tu kwamba ukikaribia nao, funga mdomo.